Gauni Linalofumuka

Kikundi cha maigizo kilikuwa na waigizaji tele, lakini mshonaji wa mavazi alikuwa mmoja tu, na wote walimwita Fundi kana kwamba mji mzima haukuwa na fundi mwingine. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi. Kilikuwa na dirisha moja, meza ya kukatia yenye urefu wa kitanda, cherehani ya miguu, pasi, na redio iliyozungushiwa mpira kwa sababu mfuniko wa betri ulishapotea zamani.

Redio hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake. Kila Jumamosi alasiri mtangazaji mmoja mwenye kicheko cha haraka aliwahoji watu waliofanikiwa: wafanyabiashara, wanamichezo, madaktari, wakulima wakubwa. Watu wengi walisikiliza kipindi hicho ili wajue mgeni ana nyumba ngapi. Fundi alingoja pale mgeni anapochoka kujisifu na kuanza kueleza kazi yenyewe inavyofanyika. Hapo ndipo alipositisha mguu kwenye cherehani na kutega sikio.

Mwenye kampuni ya mabasi aliwahi kusema kwamba akikarabati basi huanza na kiti, kwa kuwa abiria hakalii injini. Tangu siku hiyo Fundi alianza kila vazi kwa bitana, ile nguo ya ndani inayogusa mwili, na waigizaji wakaacha kujikuna jukwaani. Mpishi mkuu wa hoteli alisema huonja akiwa amefumba macho. Fundi naye akawa anafumba macho dukani na kupapasa vitambaa, hadi mwenye duka akamwuliza kama macho yanamsumbua. Mkimbiaji wa mbio ndefu alisema hageuki nyuma, maana kugeuka ni hatua iliyopotea. Fundi akaitoa saa iliyokuwa ukutani nyuma yake.

Mume wake alikuwa fundi bomba, mtu wa mzaha ambaye alishayazoea mambo hayo.

"Leo nyumba iko chini ya nani?" alikuwa akiuliza Jumapili asubuhi. "Mpishi au mwenye mabasi?"

"Mkimbiaji. Kwa hiyo usiniite kutoka nyuma."

Mwaka ule Mwongozaji wa kikundi alileta mchezo mpya. Alikuwa mwanamume mwembamba aliyeongea kwa mikono, na siku hiyo mikono haikutulia.

"Kuna malkia," alisema. "Tukio la mwisho anaanza akiwa malkia, anamaliza akiwa ombaomba. Na hatoki jukwaani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Taa hazizimwi. Nataka watu wamwone akishuka, mbele ya macho yao. Na anavua mwenyewe. Asiguswe na mtu."

Fundi alisema sawa. Kwa miaka yote hakuwahi kumwambia Mwongozaji neno lingine.

Alishona gauni la hariri nzito rangi ya zambarau, na chini yake nguo ya gunia iliyochakaa. Kwanza akalifunga kwa vifungo vya kubana. Kwenye mazoezi Malkia, mwigizaji mrefu mwenye sauti nzito, alihangaika navyo huku akisema maneno yake, na aliyekaa mbali angedhani anatafuta kiroboto. Fundi akatoa vifungo, akaweka mkanda wa kunata. Malkia akavuta, mkanda ukapasuka *kraaa*, na waigizaji wote wakaangua kicheko, hata yule aliyekuwa amelala chini akiigiza maiti.

"Fundi," Malkia alisema akiwa hacheki hata kidogo, "mimi hapo namlilia mwanangu, na nguo inajamba."

Akajaribu zipu, ikakwama. Akajaribu riboni, zikajifunga fundo. Siku za maonyesho zilikuwa zinakaribia, na Mwongozaji alianza kupita mlangoni bila kuingia, jambo ambalo ni baya kuliko kuingia.

Jumamosi hiyo mgeni wa redioni alikuwa mhandisi wa madaraja, mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Fundi alikuwa anamaliza suruali za walinzi wa ikulu, na kwa haraka aliyokuwa nayo hakusimamisha mguu. Cherehani iliunguruma, mzee akakwaruza, na mtangazaji akauliza: "Mheshimiwa, ukikwama kabisa unafanyaje?"

"Nikikwama kabisa," mzee akajibu, "nabomoa. Na wala sioni aibu."

Fundi hakungoja kusikia zaidi, akazima redio. Mtu aliyejenga madaraja yanayopitisha malori, akikwama anabomoa! Yeye alikuwa amehangaika wiki nzima kubandika hiki juu ya kile kama mtu anayeziba pakacha. Kubomoa kwa mshonaji ni kufumua. Akachukua wembe, akaliweka gauni la zambarau mezani, akaanza kufumua mshono mmoja baada ya mwingine.

Mume wake alipopita kumchukua jioni, alilikuta gauni limekuwa vipande, limeenea kwenye meza, viti na sakafu.

"Mama, kumetokea nini humu?"

"Nimebomoa."

"Nani kakwambia?"

"Mhandisi wa madaraja."

"Huyo akibomoa ana vijana na mitambo ya kujengea upya. Wewe una nani?"

Fundi alivitazama vile vipande. Ndiyo kwanza aliona alichofanya. Hariri ile haikusamehe: kila sindano ilipopita palibaki tundu, na hapakuwa na pasi ya kuyafuta matundu hayo. Vipande vile havingerudi kuwa gauni. Alilala bila hamu ya chakula.

Asubuhi mume wake alikuwa jikoni akifungua mfuko mpya wa unga. Alitafuta ncha ya uzi mdomoni mwa mfuko, akavuta, na mshono wote ukatoka kwa mkupuo mmoja, *srrr*, mdomo ukawa wazi. Fundi alikuwa ameshika kikombe cha chai.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini? Umeshafunguka."

Alimnyang'anya uzi. Ulikuwa mzima, mrefu, umejikunja-kunja kama nywele zilizofumuliwa. Ule ulikuwa mshono wa mnyororo, uzi mmoja tu, kila kitanzi kimeshikilia mwenzake. Ukiachia cha mwisho vyote vinaachia. Hauna kelele. Hauhitaji kutafutwa kwa vidole vinne. Malkia angeweza kushika ncha ya uzi akiwa anazungumza, akatembea, na gauni likamwacha taratibu.

Alikimbilia kazini Jumapili hiyohiyo, akaujaribu kwa mkono. Mkono wake ulikuwa mzuri, lakini mshono wa mnyororo unataka vitanzi vilivyo sawa kabisa, na kila baada ya shubiri uzi ulikwama. Hapo alihitaji mashine, tena si cherehani yake. Alihitaji ile ya kushonea magunia. Mtu aliyemjua mwenye mashine ya namna hiyo alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mume wake, aliwahi kufanya kazi naye chumba kimoja. Alishona pindo, akapachika vifungo, akapiga pasi. Lakini mkasi wa kukatia Fundi hakumpa hata siku moja. Kila mara alisema, "Lete nikate mwenyewe, itakuwa haraka." Siku moja wifi alivua kipimo shingoni, akakikunja, akaondoka. Akafungua chumba chake karibu na kinu cha kusaga, akawa anashona magunia na mifuko. Habari zilipomfikia Fundi, alisema mbele za watu: "Basi kapata saizi yake." Maneno hayo yalifika kinuni kabla ya yeye kuyamaliza. Tangu hapo walisalimiana misibani tu, na mume alikula sikukuu nyumba mbili ili asionekane ana upande.

Jumatatu Fundi alikwenda. Alimkuta wifi amekaa kwenye kibao, mashine ikining'inia juu yake kwa kamba, vumbi la unga limemjaa nyusi.

"Hodi, wifi."

"Karibu, wifi. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi kaa."

Fundi alikaa juu ya rundo la magunia, akaeleza yote tangu vifungo hadi unga. Wifi alisikiliza huku akipangusa mashine kwa kitambaa. Aliposikia gauni lilifumuliwa akainua kichwa.

"Hariri? Ukafumua hariri? Wewe?"

"Yule mhandisi alisema. Kwenye kipindi cha Jumamosi. Nikikwama kabisa nabomoa, na wala sioni aibu."

Wifi aliweka kitambaa chini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akashika mbavu.

"Wifi, mimi nilikuwa nakisikiliza. Mashine imezimwa, nakula. Alisema *naomba*. Nikikwama kabisa naomba, na wala sioni aibu. Akaeleza na daraja lile la kwanza, alivyomwendea mhandisi waliyegombana."

"Alisema nabomoa."

"Naomba."

"Nina masikio, wifi!"

"Unayo. Yamekusaidia tu kusikia unachopenda. Neno *naomba* lilifika mlangoni, likakosa pa kupitia."

Fundi aliondoka kwa hasira, mashine hakuiazima. Lakini kipindi kilirudiwa kila Jumatano asubuhi, na Jumatano hiyo alikaa mbele ya redio, mikono mapajani, cherehani kimya. Mzee akakwaruza. Mtangazaji akauliza. "Nikikwama kabisa, naomba. Na wala sioni aibu." Halafu ikafuata habari ya daraja, kama wifi alivyosema.

Alizima redio. Alikumbuka wageni wote aliowasikiliza kwa miaka, na mafunzo yote aliyoyachukua. Yote yalihusu mikono yake, macho yake, kitambaa chake. Ya mdomo wake, ya kuomba na kusema vizuri na watu, hakuchukua hata moja. Na bila shaka wapo wageni waliowahi kuyasema.

Akarudi kinuni siku hiyohiyo.

"Naomba unisaidie," alisema akiwa bado mlangoni. Maneno yalitoka makavu, kama ya mtu anayesoma bango. "Na lile la saizi yako nilisema vibaya. Lilikuwa neno la kipumbavu."

Wifi hakucheka safari hii. "Hariri nyingine unayo?"

"Ninayo."

"Nitakushonea. Lakini mimi ndiye nitakayekata."

Fundi alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba hariri haikatwi kama gunia, kwamba ilibaki ya gauni moja tu, kwamba muda ni mfupi. Akasema, "Sawa."

Alhamisi wifi alikata kwenye meza ile ndefu, na Fundi alilazimika kutoka nje mara kadhaa ili asiseme kitu. Mara ya mwisho aliporudi, vipande vilikuwa vimelala sawasawa, na kipande cha mgongo kilikuwa kimekatwa mshazari, jambo ambalo yeye asingelifanya.

"Mbona mshazari?"

"Ili kikiachia kiteleze. Ukikikata wima kitaanguka puu, kama pazia."

Fundi alikiinua, akakiachia. Kiliteleza. Akakirudisha mezani.

Kwenye mazoezi ya kwanza uzi ulikwama, na Mwongozaji akashika kichwa. Kumbe Malkia alivuta ncha ya kuanzia badala ya ncha ya kumalizia. Mshono ule hufunguka upande mmoja tu, ukivuta upande mwingine unajikaza. Wifi alipanda jukwaani na unga wake wa nyusi, akafunga shanga ndogo kwenye ncha inayotakiwa.

"Tafuta shanga, dada. Usitafute kitu kingine."

Siku ya onyesho la kwanza Fundi na wifi walisimama pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia. Malkia aliletewa habari za mwanawe. Alikaa kimya, akapeleka mkono ubavuni, akaanza kutembea. Uzi ukamfuata mkononi. Bega la zambarau likalegea, likafuata la pili, kisha mgongo wote ukateleza hadi sakafuni bila sauti, na yule aliyebaki pale amesimama alikuwa mwanamke maskini aliyevaa gunia. Mwanamke mmoja kwenye viti vya mbele alijifunika mdomo kwa viganja.

"Limeachia vizuri," wifi alinong'ona.

"Mshazari," Fundi akajibu.

Kazi haikuishia hapo. Gauni lililofumuka lilitakiwa kushonwa upya kabla ya kila onyesho, na kila mchana wifi alifika na mashine yake ya kuning'inia. Walifanya kazi wakizozana juu ya ukubwa wa vitanzi, na mume akija kuwachukua husubiri nje hadi sauti zishuke.

Msimu ulipokwisha, Fundi alimwomba wifi arudi moja kwa moja. Wifi alikataa. Alisema ana wateja wake, na chumba kile kina dirisha moja. Fundi alinuna siku mbili tatu, kisha akaacha.

Kisha Mwongozaji akaja na mchezo mwingine, wenye ndege wanane wanaopaswa kuonekana wanaruka, mikono yake yote miwili ikiwa hewani tayari. Fundi alimsikiliza hadi mwisho.

"Sijui kama nitaliweza," alisema. "Ngoja nimwulize wifi yangu kwanza."

Mwongozaji alishusha mikono, maana hakuwahi kulisikia jibu hilo. Fundi akajifunga kitambaa kichwani, akaelekea kinuni. Wifi alikuwa na shehena ya mifuko hadi mlangoni, akamwambia arudi Ijumaa.

"Ijumaa asubuhi au mchana?" Fundi aliuliza.

"Mchana. Na uje umekula, maana hapa hakuna chakula."