Mcheri wa Kituo

Niliona maua saba, nikasema manne.

Nilikuwa nimesimama chini ya mcheri wa kituo cha hali ya hewa, shingo nimeinyoosha, kalamu mkononi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya asubuhi. Mkuu wangu, Bwana Kuramochi, alikuwa upande wa pili wa shina akihesabu kimyakimya. Kanuni yetu hata watoto wa shule waliijua: maua matano yakifunguka kwenye mti ule, redio inautangazia mji kwamba baridi imekwisha. Yakiwa manne, bado. Ukingo wote wa mto ungeweza kuwa mweupe pe, lakini bila mti wetu kusema, watu hawakwenda kutandika mikeka yao chini ya maua.

"Manne?" aliuliza Bwana Kuramochi.

"Manne."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena na kuutazama mti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukosea tarehe.

"Macho yangu yamezeeka, Dada Tazuko," alisema. "Andika manne."

Niliandika. Sikumshukuru, kwa sababu kushukuru kungekuwa kukiri.

Mama yangu, Kinue, alikuwa na duka la vikeki vya mchele vya rangi ya waridi, kila kimoja kimefungwa kwenye jani la mcheri lililolowekwa chumvi. Kwa miaka thelathini na minne hakukubali kuuza hata kimoja kabla ya redio kutangaza. Wateja walimbembeleza, wengine wakamtania kwamba anaogopa redio kuliko alivyomwogopa mumewe, naye akawajibu kwamba redio angalau haikoromi. Tangazo likishatoka, hakulala zaidi ya saa tatu kwa siku mpaka maua yamalizike kudondoka. Nilikua nikiamini kwamba majira ya kuchipua ni kitu kinachokuja kumchukua mama wa mtu.

Mwaka ule alikuwa amelazwa hospitali ya kando ya mto, tumbo limeliwa na ugonjwa. Daktari alikwisha kutuambia kwamba zilizobaki ni siku, si wiki.

"Nitangoja redio," mama aliniambia. "Nikisikia mti wenu umefunguka, nitafunga duka."

Duka lilikuwa limefungwa tangu Novemba. Nilimwelewa.

Kwetu watu hulipenda ua hili kwa sababu halingoji kunyauka. Hudondoka likiwa bado zuri, nao husema hivyo ndivyo inavyofaa kuondoka. Nami nilikuwa nikisema hivyo kila mwaka, pamoja na wenzangu, kikombe mkononi. Mwaka ule nililichukia.

Saa sita redio ilisema bado. Jioni, nilipotoka kazini, nilimkuta mama ameegemea mito, anatazama dirishani. Micheri ya ng'ambo ya mto ilikuwa imefunguka yote.

"Tangu lini mti wenu umekuwa mvivu?" aliuliza.

"Uko kivulini, mama."

"Kivulini." Aliitafuna ile kauli polepole. "Njia ya mwongo ni fupi, Tazu, na wewe tangu utoto hujui kukimbia. Kesho ukahesabu vizuri."

"Nikihesabu vizuri, wewe utafanya nini?"

"Nitasikiliza."

Kesho yake yalikuwa kumi na tisa. Nilipiga simu redioni mwenyewe, nikayataja maua na saa kwa sauti kavu ya kazi. Mama alikufa Ijumaa, siku ya tatu baada ya tangazo, kabla ya petali hata moja kuanguka. Kwenye kumbukumbu za kituo, mwaka ule umeandikwa kwa tarehe yangu. Nilifanya kazi pale miaka ishirini na sita zaidi, ufunguo wa kabati la kumbukumbu hizo ukiwa mfukoni mwangu, na sikuisahihisha.

Lakini siku ile ya tangazo nilikwenda kwake moja kwa moja, hata koti sikuvua. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Nilimwambia kwamba niliiba siku nzima nikampa yeye, kwamba nimemharibia Bwana Kuramochi jina lake kwa ajili ya siku hiyo, na kwamba nilitaka kujua aliifanyia nini. Nadhani nilitarajia aseme alimkumbuka baba, au alinikumbuka mimi.

"Nililala," alisema.

"Ulilala?"

"Redio iliposema bado, nikajifunika nikalala mpaka karibu na saa yako ya kuja. Usingizi wa mchana, mwanangu, wakati kama huu wa mwaka. Sijaupata tangu uzaliwe."

Nikavua koti, nikavuta kiti.