Maji Tupu katika Mshipa wa Vestine

Mwaka 1966, mvua ilipokata barabara ya Goma, zahanati ya Muheto ilikuwa na muuguzi mmoja, Straton Ndagijimana, aliyesomea Bukavu. Msaidizi wake, Epiphanie, alijifunza kazi kwa kuchemsha sindano na kuangalia.

Jumanne asubuhi mkulima Polycarpe alimleta mkewe Vestine kwa machela. Alikuwa amehara na kutapika siku mbili, macho yamezama. Seramu ya chumvi, yale maji ya kutia mshipani, ilikuwa imeisha. Straton akatoa chupa nyingine kabatini, akaitundika.

Epiphanie aliisoma, akamsogelea.

“Kaka Straton, hii haiko na chumvi. Iko maji tupu, ya kuchanganyia penisilini.”

“Ni mimi ao ni wewe njo ulisoma Bukavu? Nenda ukafagie.”

Chupa haijafika nusu, Vestine akaanza kutetemeka na kulia kwamba mgongo unauma. Alipokojoa, mkojo ulikuwa mwekundu kama divai. Straton akafunga haraka mpira wa ile chupa. Alijua. Shuleni waliwahi kuonyeshwa tone la damu likitiwa katika maji tupu, chini ya hadubini. Chumvi iko ndani ya chembe za damu, nje hakuna. Basi maji yanapenya utando ule mwembamba kuingia ndani, chembe zinavimba, zinapasuka. Mwalimu alipouliza sababu, ni Straton aliyejibu, na darasa likampigia makofi.

“Dokta, ni nini hii?” Polycarpe aliuliza.

“Ni ugonjwa wake tu.”

Epiphanie alikuwa mlangoni na ufagio. Akauegemeza ukutani, akaenda kupika uji. Siku mbili alimnywesha Vestine uji mwepesi wenye chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, na siku ya tatu mkojo ukarudi rangi yake.

Jumapili, baada ya misa, Polycarpe alifika na kapu la maharagwe. Watu walikuwa wamejaa barazani.

“Huyu njo aliniokolea bibi!” akawaambia, akimwonyesha Straton.

Wakapiga makofi. Straton alihisi uso unamwaka, akatamani ardhi immeze.

“Papa Polycarpe, acha,” alisema. “Ule mukojo mwekundu haukuwa ugonjwa. Ni mimi. Nilimutia maji mabaya. Epiphanie alinikataza, nikamufukuza. Halafu nikakudanganya.”

“Ulijua ni mabaya?”

“Nilisoma. Niliona haya kukuambia seramu imeisha.”

Polycarpe akaliinua kapu, akaliweka mbele ya Epiphanie, akaenda zake bila kuaga.

Straton alimwandikia daktari mkuu kila kitu. Wakubwa wakampeleka kazini Walikale, awe chini ya muuguzi mwingine. Siku ya kuondoka alikutana na Vestine njiani, amebeba jembe.

“Safari njema, Dokta,” mama akamwambia, kwa sauti ile ile ya siku zote.

Straton aliitikia huku akitazama matope.