Elfu Moja na Tisa

Venanti alikuwa kichwa maji hata kabla hajavaa gwanda la mgambo. Mwaka ule wa sabini na nne, tulipohamishwa kutoka mashambani kwetu upande wa Busunzu kwenda kijiji kipya, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutuhesabu na kutugawia viwanja. Tulikiona cha moto. Watu wazima elfu moja na tisa tumesimama uwanjani, nyumba tulizoacha zimechomwa, na yeye anataka safu zilizo sawasawa.

Akaamuru safu za watu kumi na wawili. Akabaki mmoja. Aliyebaki ni mume wangu, Tharsisi, kwa kuwa alikuwa na mguu mbovu na kila tulipopangwa yeye alifika mwisho. Venanti akamtandika rungu la bega, akasema tupangwe tisa tisa. Akabaki mmoja, Tharsisi tena. Nane nane, yule yule. Saba saba, yule yule, na safari hii rungu lilimvunja taya. Siku hizo kulikuwa na fununu kwamba wapelelezi wamevuka mpaka kutoka Burundi, basi Venanti akajipatia jibu: mtu anayezidi kila hesabu hakuja nasi, ni mpelelezi. Jamani, mtu nimezaa naye watoto wanne! Nikapiga kelele kwamba ni wangu. Nikapigwa kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakatoka.

Mwalimu Kipriani ndiye aliyethubutu kutoka kwenye safu. Alichuchumaa, akachora hesabu mavumbini kwa kidole, akigawa kwa kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, mpaka thelathini na moja. Hakuna iliyoingia kamili.

"Ndugu Venanti, kosa si la mtu huyu," alisema. "Hii ni namba tasa. Haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Ungemweka yeyote mwisho, angebaki."

Moyo wangu ulitulia kidogo, maana Venanti alishusha rungu. Kisha akauliza, polepole kabisa, "Na nikimtoa huyu mmoja?"

Mwalimu ni mwalimu. Akiulizwa swali, anajibu. "Elfu moja na nane inagawanyika vizuri sana," alisema, "kwa saba, kwa nane, kwa tisa, kwa kumi na mbili..." Hapo akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amechelewa.

Mgambo wanne wakamwangukia mume wangu kwa marungu. Sitapamba maneno: kichwa kilipasuka, na damu ikafuta hesabu za Mwalimu pale chini. Aliita "Maximilla" mara moja, jina langu, halafu basi. Nilichukia mpaka nikasikia baridi.

Venanti akajifuta mikono, akaagiza safu za kumi na wawili zipangwe upya. Watu wakajipanga. Akapita akihesabu kwa rungu, akafika safu ya mwisho, akakuta kumi na mmoja. Akahesabu tena. Kumi na mmoja.

"Nani hayupo?" akafoka.

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika mchi niliouokota kwenye rundo la vyombo vyetu. Nilimpiga kisogoni, na alipoanguka nikaendelea kutwanga.