Mvumo wa Friji

Nyaya alivua hedifoni akaziweka mezani polepole. Albamu yake ya kwanza, kazi ya miaka mitatu, ilikuwa imetoka mikononi mwa fundi wa sauti ikiwa imeogeshwa, imenyolewa na kupakwa mafuta. Na ilikuwa imekufa.

Jina la Nyaya alipewa na marafiki, kwa kuwa chumbani kwake hata paka alipita kwa kuruka nyaya. Fundi naye, mzee aliyezipitia nyimbo za watu kabla hazijatoka, walimwita Sikio, na sifa hiyo hakuipata bure.

"Nimekusafishia, mwanangu," Sikio alisema kutoka kwenye mitambo yake, uso umemchangamka. "Nyimbo zote saba zilikuwa na mvumo wa friji. Siku nane nimepigana nao!"

"Mzee wangu, friji ndiyo wimbo wenyewe."

Lo! Mzee alimkodolea macho.

Nyaya alikuwa amerekodi jikoni kwa mama yake, na badala ya kugombana na friji, alilinganisha kila sauti ya kinanda chake cha umeme na mvumo ule. Ukiuondoa, muziki unaning'inia hewani. Wasambazaji walitaka albamu saa sita mchana siku hiyo, na walishasema waziwazi: bila idhini ya Sikio, haitoki. Nyaya angeweza kufyata ulimi, albamu ikatoka hivyo ilivyosafishwa. Lakini aliijua kazi yake, na hakuona sababu ya kuiombea radhi.

"Ikitoka na friji, watasema nimezeeka, sisikii tena," mzee alinung'unika.

"Waache waseme. Sikiliza ile yangu kwanza, yenye friji. Yote, mikono mapajani."

"Dakika arobaini? Nikae tu?"

"Ukae tu, mzee. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Nyaya akaiwasha, mzee akakaa, shingo upande. Wimbo wa kwanza vidole vyake vilinyemelea vitufe. Nyaya akakohoa, vikarudi haraka kama vya mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. Wimbo wa tatu mabega yalishuka. Wa tano alifumba macho, na Nyaya, aliyekuwa akimtazama, akajikuta anatabasamu peke yake. Alijua kabisa mzee amefika wapi.

Mwisho wa wimbo wa saba sauti za kinanda ziliaga moja moja, ukabaki mvumo peke yake. Kisha mota ikatetemeka, ikanyamaza.

Sikio alishtuka. "Mbona umezima?"

"Sijazima. Friji ilijizima yenyewe. Nikaona hapo ndipo mwisho."

Mzee alijipangusa uso kwa kiganja.

"Siku nane," alisema hatimaye, kwa aibu isiyojificha, "nilikuwa natafuta pa kukata. Sikuwahi kuisikiliza."

Simu yake ikaita. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano, na sauti ya msambazaji ilisikika hadi alipoketi Nyaya: tayari, au bado?

Sikio alizitazama spika, ambazo hazikuwa zikitoa chochote.

"Subirini kidogo," alinong'ona. "Bado tunasikiliza."