Siku Mbili za Jonel

Kazi ya kupanga zamu hupewi kwa sababu unapendwa. Mimi nilipewa kwa kuwa nilikuwa mwaka wa mwisho wa kusomea ubingwa, na mkuu wa idara alihitaji mtu wa kulaumiwa. Kila mwezi niliwagawa wenzangu kati ya wodi, dharura na kliniki, na kila mwezi walininunia upya. Tulikuwa wachache. Wengine walishaacha wakaenda kutunza wazee Ulaya, na hospitali yetu hapa mjini Iloilo haikupata wa kuziba mapengo. Mengi nilikuwa nayaziba mwenyewe.

Jonel, wa mwaka wa kwanza, alinikuta nikila wali na samaki mkavu. Aliomba siku mbili mfululizo. Baba yake alikuwa na saratani ya ini huko kwao Culasi, ng'ambo ya milima, na alikuwa anamuulizia. Siku moja isingetosha kwenda na kurudi. Kwetu aliyekesha wodini haendi kulala. Asubuhi anaingia kliniki mpaka jioni, na kesho yake anaanza tena.

Nilihangaika, Mungu ananiona. Crispin alisema mkewe yuko karibu kujifungua. Vangie alikuwa na mtihani. Kila niliyemgusa alikuwa na lake, na yote yalikuwa ya kweli, ndiyo maana sikuweza hata kugombana nao. Nikapanda kwa mkuu wa idara. Akanieleza kwamba ruhusa ipo mzazi akifa. Mzazi akiugua, haipo. Kisha akarudia kahawa yake.

Nikamwambia Jonel asubiri mwezi ujao, yeye ndiye nitakayeanza naye.

"Usijali, Dokta," alisema. "Mzee wangu mbishi. Hata kifo atakibishia kwanza."

Tukacheka, maana tungefanya nini.

Simu ilimkuta kliniki, akisikiliza kifua cha mzee mwingine. Alimaliza kumpima yule mzee, akamwandikia dawa, akamweleza mara mbili namna ya kuzimeza. Ndipo akaja kusimama mlangoni kwangu, na kabla hajafungua mdomo nilishajua.

Basi ikawa ajabu. Kabla ya saa sita Crispin alikuja kuchukua Jumamosi ya Jonel, na mkewe alikuwa bado hajajifungua. Vangie akaomba Jumapili, mtihani wake ukiwa palepale. Walionikwepa kwenye korido sasa walinitafuta, kila mmoja na siku yake mkononi. Mkuu wa idara alitia saini bila kukaa chini. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilitamani kuwazaba makofi wote, nianze na mimi. Lakini nilikaa nikajaza ratiba, na kwa mara ya kwanza mwaka ule ilijaa bila shida.

Jonel alikuwa ameenda kufungasha nguo zake mama yake aliponipigia. Kwetu maiti hukaa nyumbani, watu wakikesha na kucheza karata, na hazikwi mpaka watoto wote wafike. Mama huyu hakuwa amewahi kuniona. Alichojua ni kwamba siku za mwanawe ziko kwangu.

"Samahani kukusumbua, Dokta," alisema kwa adabu, kama mtu aliyekuja kukopa. "Padri anauliza tuzike lini. Jonel utatuachia siku gani? Hata moja tu, tutapanga mazishi kuifuata hiyo."

Nikamwambia Jonel anapanda basi leo hii. Nikamwambia asiwe na haraka ya kumrudisha, wenzake wamejitolea, ana wiki nzima.

Nyuma yake nilisikia viti vikiburutwa, na mtu akiuliza sukari iko wapi.

"Wiki nzima," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Kumbe siku zilikuwepo, mwanangu."