Mabano Matupu

Haya aliniambia mjukuu wangu mwenyewe, Jumanne iliyopita saa sita mchana, kajitupa kwenye kochi langu na viatu miguuni. Nilishtuka, maana saa hizo huwa kazini hospitali, chumba cha kompyuta.

Kazi yake ni kupeleka habari za wagonjwa kutoka wodini hadi dirisha la dawa. Zinakwenda kama maandishi tu, kwa mtindo wanaouita JSON. Kila mgonjwa ana mabano yake yaliyojikunja. Ndani yake kuna kichwa cha habari, nukta mbili, kisha jibu: jina, umri, kitanda. Vitu vikiwa vingi, kama dawa zinazomdhuru, hupangwa ndani ya mabano ya mraba. Mabano hayo yakiwa matupu, maana yake tumeuliza, hakuna. Kama hatujauliza, wanaandika null. Hata mimi niliyeishia darasa la tatu nilielewa.

Asubuhi hiyo wagonjwa kumi na mmoja walikuwa na null, na mashine ya dirisha la dawa ikalikataa faili zima. Mkuu wake, aliyemchukia tangu siku ya kwanza, akamsimamia kichwani.

"Weka mabano matupu, tutume."

"Bosi, hawajaulizwa. Akidungwa mtu dawa isiyomfaa atakufa."

"Nani kakufundisha? Bibi yako?"

"Bibi yangu angeuliza kwanza."

"Basi kaulize, mjuaji. Dakika ishirini. Ukichelewa natuma, nawe kusanya virago vyako."

Akatoka mbio na kalamu, akauliza kitanda kwa kitanda. Wawili walikuwa na dawa zinazowavimbisha. Wa mwisho, mama aliyetoka kupasuliwa, hakuamka hata kwa kutikiswa bega, wala hakuwa na ndugu karibu.

Akarudi, akajaza kumi. Mkuu akamsukuma kando, akamwekea yule mama mabano matupu, akatuma.

Mjukuu wangu akanyanyua simu palepale mbele yake. "Dirisha la dawa? Yule mama wa upasuaji msimpe kitu. Faili linadanganya, hajaulizwa."

"Hatumpi mpaka aamke."

Mkuu akafoka, "Toka! Usirudi!"

"Chukua kitambulisho changu cha kazi hiki. Uongo wako kauandike mwenyewe."

Nikamuuliza, "Na huyo mama?"

"Kaamka saa nne, bibi. Muuguzi kanipigia. Ile dawa waliyomwandikia ndiyo inayombana kifua."

"Na huyo shetani wako kasemaje?"

"Kamwambia muuguzi asinipigie tena."

Nikasema ningekuwa na miguu ningemfuata nikamzabe kibao. Nikangoja acheke. Alikuwa kalala.