Aliyepokea Karatasi

Jumamosi, tarehe tisa Machi. Asubuhi hiyo manyunyu hayakukatika, na fundi cherehani alikanyaga madimbwi hadi chumba cha gazeti la wanafunzi, akiomba Mungu njia nzima.

Alikuwa na wajukuu, na bado alisoma chuoni masomo ya jioni. Vijana walimwita Shangazi. Gazeti lilikuwa linaandika historia ya kuanzishwa kwake lenyewe, na jina la marehemu kaka wa Shangazi, mwanzilishi aliyefukuzwa chuo, halikuwamo. Enzi zile makala hazikutiwa majina, kwa usalama. Na kanuni ya gazeti ilikuwa ileile: jambo lisilo na mashahidi wawili halichapishwi. Shangazi alikuwa mmoja. Wa pili, mzee aliyejulikana kama Wino, mmoja wa wachapaji wa kwanza, alikuwa ameletwa na binti yake.

"Karibu kiti, babu," alisema mhariri, msichana mwenye miwani. "Unaikumbuka mashine yenu ya kwanza?"

"Lile jini?" Wino akacheka. "Lilikula shati langu, likatema gazeti. Tulikuwa wawili. Mimi nazungusha mpini, mwenzangu anapokea karatasi."

"Mwenzako nani?"

Mzee alitazama dirisha. "Kijana mmoja hivi. Mpole. Shati lilipochanika alinisitiri, akanipa koti lake."

Shangazi alipiga magoti mbele yake, akamtajia jina la kaka yake taratibu, kama anayemwamsha mtoto.

"Simfahamu, mama. Ni mtu wako?"

"Kaka yangu."

"Pole sana," Wino akasema, akampapasa kiganja.

"Majina yamemtoka siku hizi," binti yake alinong'ona, akageukia ukutani. Mhariri alivua miwani, akafuta macho. "Shangazi, tuandike tu. Nani atatuuliza?"

"Kanuni hiyo ni yake, mwanangu. Aliitunga yeye, akafukuzwa kwa kukataa kuwataja mashahidi wake. Nikiivunja leo, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Sasa tuandike nini?"

"Andikeni walikuwa wawili. Aliyepokea karatasi, jina halijathibitishwa."

Mhariri akaandika. Shangazi akainuka kwa kushika meza, akasema kwa sauti, wote wasikie:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi. Nitawatafuta waliobaki, mlango kwa mlango, mpaka nimpate anayemkumbuka. Na nisipompata, sitawaomba tena mumwandike."